UZI: Neno "native" lilitoka wapi, na kwa nini bado linatugombanisha

1. Kuna swali moja halikosi kwenye mjadala wa siasa hapa Kenya, iwe ni kazi za kaunti, basari, ardhi ama kiti cha ugavana: "Kwani huyu ni mwenyeji wa hapa?" Watu wanaliuliza kama jambo la kawaida. Lakini nyuma yake kuna neno la Kiingereza ambalo lilikaa ndani ya sheria zetu kwa zaidi ya miaka 50: "native". Leo tulichimbe. Kama kawaida ya nyuzi hizi, hakuna jina la mwanasiasa na hakuna jina la chama. Ukiona mtu wako humu, umemweka wewe.

2. Hili si somo la Kiingereza, wadau. Ninachotaka ushike ni kimoja: sisi hudhani kumwita mtu mwenyeji ni kumpa haki ya mahali. Historia ya "native" inasema kinyume. Mara nyingi neno hili lilipoingia kwenye sheria, halikumpa mtu mahali. Lilimfunga pale.

3. Tuanze mbali. Kilatini kina kitenzi "nasci", kuzaliwa. Kutoka hapo likaja "nativus": kilichozaliwa, mtu alivyozaliwa. Likapita kwenye Kifaransa cha kale na Kilatini cha makarani hadi likaingia Kiingereza mnamo karne ya 14. Lina ndugu wengi: "nation", "nature", hata "naive". Yaani taifa, maumbile na mtu asiyejua mambo ya dunia, wote ni watoto wa kuzaliwa. Mpaka hapo neno halina ubaya wowote.

4. Sasa sikiliza hii. Uingereza ya zama za kati, makarani wa mahakama na wa mashamba makubwa waliandika kwa Kilatini. Walipotaka kumtaja mkulima aliyezaliwa katika utumwa wa shamba la bwana, waliandika "nativus". Mwanamke alikuwa "nativa". Kwa hiyo miaka mia kadhaa kabla ya Mwingereza kumwita mtu wa Kiambu ama wa Kisumu "native", alikuwa ameshamwita hivyo maskini wa kwao.

5. Huyo nativus maisha yake yalikuwa aje? Hakuruhusiwa kuhama shamba bila idhini ya bwana. Alifanya kazi za lazima kwenye ardhi ya bwana. Akitaka kumwoza binti yake, mara nyingi alilipa ada kwa bwana. Akitoroka, bwana alikuwa na hati maalumu ya mahakama ya kumrudisha. Na kulikuwa na desturi hii: akifika katika mji wenye hati yake ya uhuru na akakaa mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, alikuwa huru.

6. Soma hiyo tena polepole. Uhuru ulikuwa kule alikokuwa mgeni. Kwao, alikozaliwa, ndiko alikokuwa amefungwa. Katika sheria ile, "native" hakuwa mwenye ardhi. Ardhi ndiyo iliyokuwa na yeye.

7. Utumwa huo wa mashambani ulififia Uingereza, na kufikia mwisho wa karne ya 16 ulikuwa karibu umekwisha. Neno likabaki na maana laini: nchi ya kuzaliwa, lugha ya mama. Lakini wakati huohuo meli zilikuwa zinaondoka. Waingereza wakafika Amerika, India, pwani za Afrika, na wale waliowakuta huko wakawaandika "natives". Mwanzoni lilikuwa na maana ya wakazi wa pale tu. Kadiri himaya ilivyokua, likaanza kubeba harufu: mtu mweusi ama wa kahawia, anayetawaliwa, asiyefaa kuulizwa.

8. Angalia ujanja wa sarufi. Likiwa sifa mbele ya jina, lilibaki na heshima: mtu aliweza kujivunia "native land" yake. Likiwa jina peke yake, "a native", likawa tusi. Mwingereza aliyezaliwa London angeweza kusema ni "native of London" na hakuna wa kucheka. Lakini ukisikia "the natives" katika vitabu vya wakati huo, unajua kabisa si yeye anayezungumziwa.

9. Marekani walilipindua zaidi. Katika miaka ya 1840 na 1850, wazungu Waprotestanti waliozaliwa kule walijiita "native Americans" ili kuwapiga vita Wakatoliki waliokuwa wanaingia kutoka Ireland na Ujerumani. Wao wenyewe walikuwa wajukuu wa wahamiaji! Na wenye nchi halisi hawakuhesabiwa kabisa. Kisha kuanzia miaka ya 1960, maneno hayohayo mawili yakashika kasi kama jina la wale wenye nchi halisi. Nchi moja, maneno mawili, watu tofauti kabisa. Ndipo ujue: anayeamua nani ni "native" ni mwenye nguvu ya wakati huo. Cheti cha kuzaliwa hakiulizwi.

10. Turudi nyumbani. Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki 1895, na 1920 ikaifanya koloni la Kenya. Neno likaingia kwenye kila kabati la serikali: Native Authority, Native Registration, Native Reserves, Local Native Councils, Chief Native Commissioner. Ukisoma sheria za miaka hiyo utadhani kuna nchi mbili ndani ya moja: ya watu, na ya "natives".

11. Nani aliitwa "native"? Hapa ndipo uongo wa neno unaonekana mchana kweupe. Mtoto wa mlowezi aliyezaliwa Nakuru hakuwa "native", ingawa neno lenyewe maana yake ni aliyezaliwa mahali. Mwafrika aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka na kuja kufanya kazi Kenya alihesabiwa "native". Kwa hiyo kuzaliwa hakukuwa kipimo tena. Kipimo kilikuwa rangi, na neno la kuzaliwa likatumiwa kuifunika.

12. Pwani walipata kizungumkuti chao. Serikali iliwaweka Waarabu upande wa wasio "native" na Waswahili wengi upande wa "native". Hawa watu walikuwa wakikaa mitaa ileile ya Mombasa, msikiti mmoja, lugha moja, wameoana. Ghafla kodi na hadhi zikatofautiana, na watu wakaanza kubishania nasaba zao mbele ya maafisa. Wasomali nao walipigania kutolewa kwenye kundi hilo, na 1919 ikapitishwa sheria ya kuwapa baadhi yao msamaha. Jiulize: kama kuwa "native" kulikuwa na faida yoyote, mbona kila aliyeona mlango alikimbia kutoka?

13. Faida yenyewe ilikuwa hii. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande: jina, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukipatikana bila hicho, ni kosa. Ukimwacha mwajiri kabla hajakisaini, unasakwa na kurudishwa. Linganisha na post ya 5 hapo juu. Nativus aliyetoroka na hati ya kumrudisha. Ni mambo yaleyale yamepanda meli.

14. Na ardhi je? Sheria ya ardhi ya 1915 ilihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ya Taji la Uingereza. Mwaka 1921 mahakama kuu ikakata maneno: Waafrika ni wapangaji tu kwa hiari ya Taji. Yaani mtu aliyeitwa "mzaliwa wa hapa" katika kila karatasi ya serikali akaambiwa na serikali hiyohiyo kwamba hapa si kwake. Bana, hiyo ndiyo native ya sheria.

15. Kisha ikaja ramani. Mwaka 1926 mipaka ya "reserves" ilitangazwa rasmi, na ilichorwa kwa kabila: hawa hapa, wale pale. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanza 1925 nayo yakafuata mipaka hiyohiyo. Ndani ya mpaka wako ulikuwa na chifu, ushuru na baraza. Nje yake ulikuwa kibarua ama mgeni. Wazee wengine mpaka sai wanaita mashambani "rizavu". Watu walikuwa wanahama, wanaoana na kuchukuana makabila tangu zamani. Ramani ndiyo iliyosema kila mmoja ana kipande chake kimoja cha nchi na sehemu nyingine zote ni za wenyewe.

16. Usisahau 1923. London ilitoa waraka uliosema maslahi ya wenyeji Waafrika yatangulie ya wahamiaji. Maneno matamu! Lakini waraka huohuo uliacha nyanda za juu zibaki za wazungu, na hakuna Mwafrika aliyeketi katika baraza la kutunga sheria mpaka 1944. Wakati huo wote, aliyewasemea "natives" barazani alikuwa mzungu aliyeteuliwa. Ni vizuri kujua hili kila unaposikia mtu akisema anawapigania wenyeji: waulize wenyeji kama walimtuma.

17. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia neno lilianza kunuka hata kwa waliolitumia. Waafrika waliotoka Burma wakiwa wanajeshi hawakutaka kuitwa hivyo. Kipande kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, usajili ukawa wa watu wa rangi zote. Mwaka 1950 mabaraza ya "native" yakawa mabaraza ya wilaya ya Waafrika, na 1951 mahakama nazo zikabadilishwa jina. Neno likaondoka. Mipaka ikabaki. Ndiyo tuliyoirithi 1963, na nyingi ya kaunti zetu 47 zimefuata wilaya zilizotokana na ramani hizo.

18. Hapa ndipo gharama inaanza kuhesabika kwa damu. Katika machafuko ya mwanzo wa miaka ya 1990 na tena ya 2007 na 2008, majirani walioishi pamoja miaka mingi waliambiwa "rudini kwenu". Katika yale ya 2007 na 2008 pekee zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Wengi walikuwa wamezaliwa palepale walipofukuzwa. Kwa Kilatini walikuwa nativi kamili! Lakini kipimo hakikuwa kuzaliwa. Kipimo kilikuwa ramani ya 1926. Si ajabu tume ya uwiano na utangamano iliweka neno "madoadoa" kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022.

19. Sasa tuangalie Kiswahili chenyewe, maana kina akili yake. Mwenyeji ni mwenye mji. Lakini mwenyeji pia ndiye anayempokea mgeni, na ndivyo tunavyompima. "Mgeni njoo, mwenyeji apone": ujio wa mgeni ni baraka kwa mwenye nyumba. Halafu kuna ile nyingine: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wengi huitumia kumfukuza mgeni mvivu. Lakini iangalie tena. Siku ya tatu hafukuzwi, anapewa jembe. Anayelima na wewe si mgeni tena. Hiyo ni sheria ya uraia fupi kuliko Katiba, na haikuuliza babu yake alizikwa wapi.

20. Najua swali linalokuja: "Na Waogiek je? Na Waendorois? Wao si wanajiita watu wa asili?" Swali zuri sana. Kiingereza cha sheria za kimataifa hutumia "indigenous", ambalo nalo limetoka Kilatini na maana yake ni aliyezaliwa ndani. Ni binamu wa "native". Waendorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama, na tume ya Afrika ya haki za binadamu ikaamua kesi yao kwa faida yao. Uamuzi ukatangazwa 2010. Waogiek wa Mau walishinda katika mahakama ya Afrika kule Arusha tarehe 26 Mei 2017, na 2022 ikaamriwa walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 150.

21. Tofauti iko wapi basi? Angalia nani analishika neno na analielekeza wapi. Waogiek hawakwenda Arusha kusema jirani fulani atoke kwenye duka lake. Walisema serikali imetutoa msituni bila kutushauri, na msitu ndio maisha yetu. Walilitumia kama ngao, dhidi ya aliye na nguvu kuwashinda. Mtu anayewaambia wapangaji na wachuuzi wa mjini "hapa si kwenu" analitumia kama panga, dhidi ya aliye dhaifu kuliko yeye. Binamu hao wawili wanafanana sura tu.

22. Na malalamiko ya wenyeji si ya kupuuzwa pia. Kule Pwani, sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitoa hati kwa mtu mmoja mmoja aliyeweza kuleta ushahidi wa umiliki, na Wamijikenda wengi waliokuwa wakitumia ardhi kwa pamoja wakabaki bila kitu. Mpaka leo kuna wajukuu wanaoitwa maskwota kwenye minazi iliyopandwa na babu zao. Hao wana dai zito. Lakini uzito wake unatoka kwenye dhuluma inayojulikana mwaka na sheria yake. Hautoki kwenye damu. Mwanasiasa akibadilisha "tulidhulumiwa 1908" kuwa "wageni watoke", mwenye hati kubwa huwa hata hasikii. Anayesikia ni mama mboga wa stendi.

23. Upande wa pili, kuna waliozaliwa hapa na kuzaliwa hakukuwasaidia. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi za mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani kuanzia miaka ya 1930. Watoto na wajukuu wao wakazaliwa Kwale, lakini hawakuwa na kitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi 2016 kukidai. Wapemba wa Pwani walisubiri mpaka 2023. Kilichowaokoa si kuitwa wenyeji. Ni kuitwa raia.

24. Na hilo ndilo neno la Katiba ya 2010. Kifungu cha 39: kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Kifungu cha 40: kumiliki mali popote nchini. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kwa hiyo anayeahidi kazi zote za kaunti kwa "watu wetu" anaahidi kuvunja sheria. Mwambie hivyo, kwa upole, mbele ya watu.

25. Basi siku nyingine ukisikia "si mwenyeji" kwenye mdahalo, uliza maswali matatu. Moja: wewe unapimaje, kwa kuzaliwa, kwa kuishi, ama kwa ramani ya mkoloni? Mbili: unalinda nani, na unamlinda dhidi ya nani mwenye nguvu kumzidi? Tatu: kuna dhuluma gani, ya mwaka gani, na nani ana hati? Mwenye hoja atajibu yote matatu. Asiye na hoja atauliza jina lako la tatu.

26. Na akiuliza jina lako la tatu, umeshapata jibu. Mkoloni naye alianza hapohapo, akaandika kwenye kipande.

Kwa kaunti yenu wanatumia neno gani kumwambia mtu kwamba hapa si kwao? Andika hapo chini, pamoja na maana yake. Neno tu, usitaje mtu. Uzi ujao tutachukua "tribal", kwa sababu najua mtaniuliza.